Hori Lililozikwa: Tope la Darajani na Hatima ya Chukwani

Anayeshuka garini Darajani, mjini Unguja, haoni daraja. Anayetoka hapo kwenda Ng'ambo havuki maji, ijapokuwa kwa Mswahili hakuna ng'ambo pasipo maji ya kuvuka. Majina yamebaki, vilivyotajwa kwa majina hayo vimeondoka. Baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, pale inapopita leo Barabara ya Benjamin Mkapa, palikuwa na hori la bahari lililojulikana kwa jina la Pwani Ndogo. Maji yalipojaa, hori hilo lilipanda kusini kuelekea Mnazi Mmoja, na rasi ya Shangani iliyobeba majumba ya mawe ikakaribia kuwa kisiwa. Maji yalipokupwa, lilibaki tope.

Historia ya mji wa Unguja imesimuliwa mara nyingi kwa majumba yake, milango yake na masultani wake. Tope halikupata msimulizi. Lakini namna mji ulivyolitendea tope lake kwa muda wa karne moja na nusu yatufunza jambo ambalo majumba hayatufunzi, nalo ni hili: uchafu uliofukiwa haujaondoka, umebadilisha makaazi tu. Funzo hilo lina haja kubwa zaidi hivi sasa, kwa kuwa mji umekwishavuka mipaka yake ya zamani na unashuka kusini, Chukwani na kuendelea.

Unguja haina mto wa kulinganishwa na Rufiji, wala delta ya kutajika. Hata hivyo, hori hufanya kazi ile ile ya mlango wa mto. Mvua za masika huteremsha udongo kutoka juu, na bahari hupanda kuulaki. Chembe laini za udongo, ambazo katika maji matamu huelea kila moja peke yake, zikikutana na chumvi hushikana, zikawa nzito, na katika ule utulivu mfupi baina ya kujaa na kupwa huzama. Hivyo ndivyo mashapo yanavyojijenga, tabaka juu ya tabaka. Mchanga hushika uchafu kidogo. Tope laini hushika mwingi, kwani kila chembe hubeba mgongoni mwake kilichomwagwa majini: mafuta, vijidudu vya maradhi, risasi, shaba na zinki. Ndani ya tope hewa haifiki, na ndiyo sababu huwa jeusi na hunuka mithili ya yai viza. Weusi huo una hikima yake. Huko chini metali nyingi hufungwa na salfa zikatulia. Tope likichimbuliwa na kupata hewa, kifungo hulegea, na kilichokuwa kimelala huamka.

Pwani Ndogo ilianza kubeba mzigo mkubwa baada ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Karafuu, pembe na biashara ya watumwa vilikuza mji haraka kuliko uwezo wake wa kujisafisha. Pwani ikawa jaa. Wasafiri wa zama hizo waliandika kwamba hata maiti za watumwa waliokufa kabla ya kuuzwa zilitupwa ufukweni. Tope likawapokea wale walionyimwa kaburi. Mwaka 1866 David Livingstone, akijitayarisha kwa safari yake ya mwisho ya bara, alilalamika katika shajara yake juu ya uvundo wa pwani hiyo, hata akaligeuza jina la Zanzibar kwa mzaha ili limaanishe mahali panaponuka.

Mzaha huo ulikuwa na matanga nyuma yake. Kipindupindu kiliupiga mji mwaka 1858 na 1859, kisha kikarudi mwaka 1869 na 1870 na kuua maelfu ya watu. Daktari James Christie, aliyekuwapo Unguja wakati wa janga hilo la pili, aliandika kitabu juu yake kilichotoka mwaka 1876, akifuatilia njia za maradhi kutoka bandari hadi bandari na kutoka msafara hadi msafara. Elimu ya vijidudu ilikuwa bado changa. Watu wengi, wenyeji kwa wageni, waliamini kwamba adui ni hewa mbaya inayotoka topeni.

Kwa hiyo mwenye uwezo aliikimbia hewa hiyo. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alijenga kasri Chukwani, kusini mwa mji, likawa mahali pa kupumzika na kurejesha afya. Uchaguzi wake haukuwa wa kubahatisha. Upepo wa kusi, unaovuma miezi mingi ya mwaka, huifikia Chukwani ukitokea baharini, kabla haujapita juu ya mji. Kasri limekuwa magofu, lakini hoja yake bado inasomeka: Chukwani ilikuwa safi kwa sababu mji ulikuwa mbali. Barghash huyo huyo alivuta maji ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini, hisani iliyonufaisha watu wengi kuliko kasri lolote. Maji safi yaliingia mjini. Maji machafu yakaendelea kuteremka horini.

Utawala wa Kiingereza, ulioanza mwaka 1890, ulilitazama hori kwa macho mawili. Kwa jicho moja lilikuwa mpaka wenye manufaa, uliotenga mji wa mawe na Ng'ambo ya watu wanyonge, wengi wao wakiwa watumwa na wana wa watumwa. Kwa jicho la pili lilikuwa aibu na hatari kwa afya. Soko la Darajani lilijengwa kandokando yake mwaka 1904. Mwaka 1923 Henry Vaughan Lanchester, mpangaji miji kutoka Uingereza, alichapisha mpango wake wa mji, na katika muongo huo huo bandari mpya ilijengwa Malindi juu ya ardhi iliyonyang'anywa bahari. Hori lenyewe lilifukiwa kidogo kidogo, kwanza upande wa kusini, hadi kufikia katikati ya karne ya 20 likabaki barabara na viwanja, na kipande kidogo cha maji huko Funguni.

Wakati huo jambo hilo lilihesabiwa kuwa ushindi. Mbu walipungua mahali pale, uvundo ukaondoka puani mwa wapita njia. Lakini tope halikusafishwa, lilifunikwa. Wala chanzo hakikuzibwa. Ng'ambo iliendelea kukua, na katika miaka ya 1970 majumba ya Michenzani yakapanda juu yake. Majitaka ya Mji Mkongwe yaliendelea kumwagwa baharini bila kusafishwa, na kilichokuwa kikitua horini sasa kilikwenda kutua mbele zaidi, penye matumbawe. Mwaka 1995 watafiti wa bahari walionesha kwamba mwani wa chokaa, ule unaoyaunganisha matumbawe kama saruji, ulikuwa haba zaidi kwenye miamba iliyo karibu na mji. Bahari nayo haikusahau njia yake. Imekuwa ikiingia katika viwanja vya Mnazi Mmoja wakati wa bamvua kubwa, na mvua za masika huijaza Darajani maji, kana kwamba hori linadai chake. Kipindupindu nacho kilirudi mwaka 2015 na 2016. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Unguja haikuwa peke yake katika kufukia. Huko Minamata, Japani, kiwanda cha kemikali kilimwaga zebaki katika ghuba hadi mwaka 1968, na wavuvi waliokula samaki wa ghuba hiyo wakapooza na kufa. Baina ya 1977 na 1990 tope lenye zebaki lilikusanywa nyuma ya ukuta na kufunikwa, na ardhi mpya ya hekta 58 ikapatikana. Hata huko walizika, lakini walizika baada ya kuufunga mfereji, na kwa kujua wanachokizika. Rotterdam, bandari iliyo katika delta ya mto Rhine, ilijenga mwaka 1987 shimo kubwa pwani, liitwalo Slufter, la kuwekea tope lililochafuka kiasi cha kutofaa kurudishwa baharini. Pamoja na hayo, bandari iliwafuata wenye viwanda walioko juu ya mto na kuwabana wapunguze sumu yao. Iliona kuwa kuchota tope bila kumzuia anayelichafua ni kuteka maji kwa pakacha.

Karibu na nyumbani upo mto Msimbazi, unaoingia baharini katikati ya Dar es Salaam ukibeba majitaka na maji ya viwanda. Mwaka 1988 wakaazi wa Tabata, waliokerwa na moshi na uvundo wa jaa la jiji, walilishitaki Baraza la Jiji katika Mahakama Kuu, nao wakapewa haki yao. Jaa likaondolewa, likahamishiwa Vingunguti, katika bonde lile lile la Msimbazi. Mshitaki alishinda; mto haukushinda. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi mkubwa wa bonde hilo, na miongoni mwa kazi zake ni kuondoa mashapo yaliyouziba mto na kuwahamisha watu waliojenga katika njia ya mafuriko. Gharama iliyokwepwa kwa miongo mingi imekuja kudaiwa kwa mkupuo mmoja.

Kutoka hapo mtu akiitazama Chukwani ataona kwamba hesabu yake haijafungwa. Umbali uliomlinda Barghash haupo tena. Kijiji cha zamani kimezungukwa na nyumba mpya. Baraza la Wawakilishi lenyewe liko Chukwani. Na barabara inaendelea kusini hadi Fumba, ambako miji mipya ilianza kujengwa katika miaka ya 2010. Ardhi ya huko ni jiwe la matumbawe lenye matundu mengi. Maji ya karo na ya vyoo vya shimo huteremka ndani yake na hatimaye hufika pwani bila kuonekana. Mfereji wa Darajani ulionekana na kunuka. Huu wa Chukwani hauna sauti wala harufu mpaka uwe umekwisha kufanya kazi yake.

Pwani ya Chukwani bado ina mikoko, na katika mizizi yake tope hutua na kutulia. Mikoko ikikatwa, tope hilo hutibuliwa na mawimbi, likaenda kuyafunika matumbawe. Ng'ambo ya maji kipo kisiwa cha Chumbe, ambacho miamba yake imehifadhiwa tangu mwaka 1994, na kusini zaidi lipo eneo la hifadhi la Menai, lililotangazwa mwaka 1997. Wanawake wanaookota kombe na chaza maji yakipwa, na wavuvi wa karibu na ufuo, hula moja kwa moja kutoka katika tope hilo. Wao ndio watakaolipa mwanzo, kama walivyolipa wa Ng'ambo.

Yanayotakiwa si mageni. Maji ya mvua yatuamishwe mabwawani ili udongo ubaki nchi kavu. Majitaka yasafishwe kabla ya kuachiwa jiweni. Mikoko iachwe isimame. Na pasichimbwe wala kufukiwa mahali popote pa pwani kabla tope lake halijapimwa. Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa mjini Unguja mwaka 1978, sasa ina makaazi yake Buyu, jirani na Chukwani. Sheria ya mazingira ya mwaka 2015 ipo. Wapimaji wako upande mmoja wa barabara na watunga sheria upande wa pili, na katikati yao hakuna hori la kuvuka.

Darajani hakuna tena wa kuulizwa kama afadhali hori lingesafishwa badala ya kufukiwa. Chukwani mtu wa kuulizwa bado yupo, na maji bado hupwa na kujaa.