Kiu ya Askari: Maji, Amri na Mwili Angani na Chini ya Bahari

Katika vitabu vya historia ya vita tunavyosoma kuna mizinga, mikataba, majenerali na ramani zenye mishale. Maji ya kunywa hutajwa kwa nadra, na yakitajwa huwekwa pamoja na biskuti na buti, kama sehemu ya mizigo. Niliposema kwamba nitaandika juu ya maji mwilini mwa marubani na wapiga mbizi wa kijeshi, mwenzangu mmoja darasani aliniuliza kama hiyo ni historia au ni biolojia. Naona ni historia, kwa sababu kiu ya raia ni jambo lake mwenyewe, lakini kiu ya askari huamriwa. Kuna mtu mwenye cheo anayesema chupa ifunguliwe lini. Amri hiyo imegeuka zaidi ya mara moja katika karne iliyopita, na si kila mara iligeuzwa kabla ya watu kufa.

Mfano ninaoujua vizuri zaidi unatoka Libya. Tarehe 4 Aprili 1943 ndege ya Marekani aina ya B-24, iliyoitwa Lady Be Good, iliruka kutoka Soluch, karibu na Benghazi, kwenda kushambulia Naples nchini Italia. Ilikuwa na watu 9, na hiyo ilikuwa safari yao ya kwanza ya vita wakiwa kundi moja. Wakati wa kurudi gizani walipita juu ya kambi yao bila kuiona, wakaendelea kusini kuingia jangwani. Mafuta yalipokaribia kwisha, mnamo saa nane usiku, waliruka kwa miavuli. Mmoja alikufa kwa sababu mwavuli wake haukufunguka sawasawa. Wanane waliobaki walikutana, wakaanza kutembea kuelekea kaskazini-magharibi wakidhani kwamba bahari haiko mbali. Kumbe walikuwa zaidi ya kilomita 600 kutoka kambini.

Walikuwa na nusu chupa ya maji kwa watu wanane. Rubani msaidizi, Robert Toner, aliandika shajara kwa maneno machache kila siku, na humo tunauona mgao: kila mtu kifuniko kimoja cha chupa kwa siku. Mchana walijaribu kupumzika, wakatembea jua lilipopungua, na usiku baridi iliwatesa. Walikwenda zaidi ya kilomita 100 kabla ya watano kushindwa. Watatu waliendelea mbele, na mabaki ya wawili kati yao yaliokotwa baadaye, zaidi ya kilomita 30 kutoka pale wenzao walipobaki. Shajara inaishia tarehe 12 Aprili.

Ndege yenyewe ilionekana kutoka angani mwaka 1958, wakati wa utafutaji wa mafuta, na watu waliifikia 1959. Ilikuwa imejitua mchangani bila rubani, kilomita 26 hivi kusini mwa mahali walipoangukia. Ndani mlikuwa na redio iliyofanya kazi, chakula kidogo na maji. Maiti za wale watano zilipatikana Februari 1960.

Wengi wanaosimulia habari hii hukazia ushujaa, na sina ubishi nao. Mimi nakwama kwenye kile kifuniko. Je, kiliwasaidia? Wakati wa vita hivyohivyo, mtaalamu wa fiziolojia Edward Adolph wa Chuo Kikuu cha Rochester alikuwa akiongoza utafiti juu ya askari katika majangwa ya California. Aliwapima uzito kabla na baada ya kazi, akapima walichokunywa na jasho walilotoa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1947 katika kitabu Physiology of Man in the Desert. Yalivunja imani kubwa iliyokuwa imekita mizizi katika majeshi mengi, kwamba askari anaweza kufundishwa kuishi na maji machache kama anavyofundishwa kulenga shabaha. Adolph alionyesha kwamba haiwezekani. Ukimnyima mtu maji, jasho halipungui kwa heshima ya amri. Hupungua nguvu, akili na hatimaye uhai. Kwenye joto la nyuzi 49 kivulini, mtu asiye na maji kabisa, hata akilala tu, alikadiriwa kuishi siku mbili hivi. Tena kuyagawa maji kidogo kidogo hakuongezi siku za kuishi. Kinachosaidia ni kupunguza jasho: kutotoka juani, kutovua nguo, kutembea usiku.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kifuniko kile hakikuwaokoa wala hakikuwaua. Nusu chupa, iwe imenywewa mara moja au kwa siku nane, ni nusu chupa. Waliishi siku nane kwa sababu ilikuwa Aprili, usiku ulikuwa baridi, na walitembea kwa busara. Kilichowaangusha ni kutojua walipo. Mgao, nadhani, uliwapa kitu kingine, yaani utaratibu wa kugawana sawa, na huo haupimwi kwa lita.

Imani ya kale haikufa haraka hata hivyo. Mjomba wangu, aliyepitia mafunzo ya jeshi ujanani, alinisimulia kwamba makuruta walikatazwa kugusa chupa zao mpaka mbio ziishe, na anayekunywa njiani aliitwa mtoto wa mama. Hayo yalikuwa miongo mingi baada ya kitabu cha Adolph.

Kwa rubani wa ndege ya kivita, hatari ya upungufu wa maji haingoji jangwa. Ndege inapokata kona kali, damu huvutwa kuelekea miguuni. Macho huanza kuona kama kwa ndani ya bomba, kisha giza, kisha fahamu hupotea. Mwaka 1942, wakati wa mapigano ya Oran nchini Algeria, marubani wa Jeshi la Majini la Uingereza walivaa vazi lililobuniwa na Wilbur Franks wa Toronto: tabaka mbili za mpira zenye maji katikati, yanayobana miguu na tumbo damu isishuke. Naipenda picha hiyo ya rubani aliyevaa maji. Lakini vazi haliwezi kubana damu isiyokuwepo. Jasho hutolewa kwenye majimaji ya mwili, pamoja na ya damu, na rubani aliyekaa juani ndani ya chumba cha vioo kabla ya kuruka huanza safari akiwa na damu pungufu. Katika ndege za leo, zinazofikisha uzito wa mwili mara tisa, upungufu mdogo huamua kama ataona au hataona.

Chini ya bahari mambo ni ya ajabu zaidi, maana huko mtu hukauka akiwa amezungukwa na maji. Mwili ukizama, maji husukuma damu kutoka miguuni kuja kifuani. Moyo hutanuka na kudhani kwamba damu imezidi, nao mwili huanza kuitoa ziada hiyo kwa mkojo. Otto Gauer na James Henry walieleza uhusiano huu katika miaka ya 1950, na mwaka 1981 Adolfo de Bold, akifanya kazi Kanada, alionyesha kwa kutumia panya kwamba moyo wenyewe hutengeneza kitu kinachoagiza figo kutoa maji na chumvi. Juu ya hayo, hewa ya mtungi hukaushwa makusudi ili isiharibu vifaa, hivyo kila pumzi huchukua unyevu wa mapafu. Mpiga mbizi hutoka majini akiwa na kiu bila kujua ameipata wapi.

Kwa muda mrefu jambo hili halikuhesabiwa. Ripoti maarufu ya 1908 ya Boycott, Damant na Haldane, iliyotokana na majaribio kwa mbuzi na kwa wapiga mbizi wa jeshi la majini la Uingereza, iliweka ratiba za kupanda juu kwa vituo ili naitrojeni isitengeneze mapovu ndani ya mwili. Ratiba hizo ziliokoa maisha ya wengi. Zilihesabu kina na dakika. Lakini naitrojeni hubebwa na damu kwenda mapafuni, na damu pungufu hubeba polepole. Mwaka 2006 watafiti wa Jeshi la Majini la Marekani walichapisha majaribio kwa nguruwe: walionyimwa maji walipatwa na ugonjwa mkali wa mapovu zaidi kuliko waliokunywa.

Mtu angedhani basi dawa ni kunywa sana. Majeshi yalidhani hivyo, na hapa ndipo amri ilipogeuka kupita kiasi. Mwaka 1995 madaktari wa Israel waliripoti habari za vijana wanane waliokuwa kwenye mafunzo ya kuogelea kilomita 2.4 baharini. Walikuwa wamekunywa lita 5 hivi za maji katika saa mbili kabla ya kuingia, ili wasikaukiwe. Mapafu yao yalijaa majimaji, wakakohoa damu. Kwenye nchi kavu, makuruta wa Marekani walikuwa wakilazwa, na baadhi kufa, kwa kunywa maji mengi hadi chumvi ya damu ikashuka. Mwaka 1998 jeshi la nchi kavu la Marekani likaweka kikomo: isizidi lita 1.4 kwa saa, wala lita 11.4 kwa siku. Askari aliyekuwa akikaripiwa kwa kunywa sasa aliwekewa kipimo ili asilazimishwe kunywa mno.

Limebaki tatizo moja ambalo hakuna ratiba iliyolimaliza, nalo ni choo. Ndege ya kivita ya mtu mmoja haina choo, na safari ya kuvuka bahari inaweza kuchukua saa nyingi. Wanaume hutumia mfuko. Marekani iliporuhusu wanawake kurusha ndege za kivita mwaka 1993, viti, mikanda na nguo vilikuwa vimeshonwa na kuundwa kwa mwili wa mwanamume. Baadhi yao, na wanaume pia, huacha kunywa tangu alfajiri ili wasibanwe na mkojo angani. Ni katika miaka ya karibuni tu ambapo Jeshi la Anga la Marekani limeanza kuwapa wanawake vifaa vipya vinavyomwezesha rubani kukojoa bila kufungua mikanda.