4K, UHD, Ultra HD: majina matatu, televisheni ni ile ile

KISANGANI – Sisi wa Kisangani tumezoea jina moja kubeba vitu vitatu. Ukisema Tshopo, mwenzako atauliza: mto, komini ama mkoa? Kwenye maduka ya televisheni, shida ni ya kinyume. Katoni moja imeandikwa 4K, nyingine UHD, ya tatu Ultra HD. Mnunuzi anadhani hizo ni ngazi tatu za ubora, na anaongeza dola ili apate ile anayoambiwa kuwa ya juu. Ni vizuri tujue majina haya yalitoka wapi.

Zamani televisheni ilihesabiwa kwa mistari. Picha ilichorwa mstari mmoja chini ya mwingine, na mfumo ulioenea Ulaya na Afrika ulikuwa wa mistari 625, ambayo 576 tu ndiyo iliyobeba picha. Desturi ya kuhesabu kutoka juu kwenda chini iliendelea hata dijitali ilipofika: 720, kisha 1080. Mwaka 2005 viwanda vya Ulaya vilileta alama ya HD Ready kwa televisheni zenye mistari 720 au zaidi. Zile za mistari 1080 zikaja kuitwa Full HD.

Watu wa sinema, wao, walihesabu upana, na kwao K ni elfu. Mwaka 2002 studio kubwa za Hollywood ziliunda umoja wao, DCI, ili filamu ya dijitali ionyeshwe kwa kipimo kimoja kila mahali. Kanuni yao ya Julai 2005 ilisema: 2K ni nukta 2048 kwa 1080, na 4K ni nukta 4096 kwa 2160.

Televisheni ikafuata njia yake. Ilichukua Full HD, yaani 1920 kwa 1080, ikazidisha mara mbili kila upande: 3840 kwa 2160. Nukta zikapanda kutoka milioni 2 na kitu hadi milioni 8 na kitu, mara nne kamili. Mwaka 2012 ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mawasiliano, lilikiingiza kipimo hicho katika kanuni ya UHDTV, pamoja na kingine cha 7680 kwa 4320 ambacho leo kinaitwa 8K. Oktoba mwaka huo huo, chama cha wafanyabiashara wa elektroniki wa Marekani kilichagua jina Ultra High-Definition. Lakini 4K ni fupi na linauzika. Sony ikaunganisha yote mawili: 4K Ultra HD. Hivyo jina la sinema likabandikwa kwenye televisheni ambayo upana wake haufiki hata nukta 4000.

Kwa hiyo, katoni zile tatu za dukani kwa kawaida ni kitu kimoja: 3840 kwa 2160. Kulipa zaidi kwa sababu ya jina peke yake ni kutupa pesa.

Hatari iko penginepo. Kuna televisheni zinazouzwa kwa maneno kwamba "zinapokea 4K". Maana yake inaweza kuwa kwamba zinapokea picha hiyo na kuipunguza iingie kwenye kioo cha 1080 au hata 720. Tena, kioo cha 4K hakiongezi kisichokuwepo: mechi iliyorushwa kwa 1080, au filamu ya 720 uliyowekewa kwenye flashi, itatanuliwa tu. Na kwenye simu yenye kioo kidogo, kuchagua video ya 4K ni kumaliza mega haraka bila jicho kuona tofauti.

Kabla ya kutoa pesa, omba karatasi ya kifaa, tafuta neno résolution, usome namba zote mbili. Kama si 3840 × 2160, hiyo si 4K, hata katoni iseme nini.