Waliokwenda Kulitazama Jua

Alhamisi tarehe 1 Septemba 2016 watu wengi walikusanyika Rujewa, Mkoa wa Mbeya, kulitazama jua. Walivaa miwani maalumu, maana mwenye kulikodolea jua macho matupu hujitia upofu. Miongoni mwa waliotangaza habari hiyo mapema ni Dakta Noorali Jiwaji, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, pamoja na wenzake wapenda elimu ya nyota.

Karibu na adhuhuri mwezi ulikaa katikati ya jua. Kwa kuwa siku hiyo ulikuwa mbali nasi kidogo, haukuweza kulifunika lote. Pakabaki pete ya moto. Buseresere, huko kwenye nchi ya dhahabu ya Geita, pete haikufika, lakini jua lilimegwa, na aliyekaa chini ya mwembe aliweza kuona mianga ipenyayo majanini ikianguka mchangani kwa umbo la hilali.

Sisi wa pwani tusiwacheke wa bara walioogopa. Nasi tulikuwa tukipiga vinu na madebe ili joka liutapike mwezi, na hali vyuo tunavyo na misahafu tunayo!

Mtume (S.A.W.) alikwisha iondoa hofu hiyo. Mwanawe Ibrahim alipofariki, jua lilipatwa siku ile ile; wajuzi wa hesabu wanaitaja kuwa ni 27 Januari 632. Watu wakasema jua linamlilia mtoto. Mwingine angenyamaza akaipokea heshima hiyo. Yeye, na msiba wake moyoni, aliwasalisha, kisha akawafahamisha kuwa jua na mwezi ni alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake.

Wapo wasemao kwamba jambo likishahesabiwa halina ibada tena. Sikubaliani nao. Mvuvi anaijua siku ya bamvua, na bado akivuka mkondo humtaja Mola wake. Jua halipatwi ila mwishoni mwa mwezi, kabla hilali haijaandama. Ajuaye hivyo hukaa tayari na udhu wake, hakurupuki.

Jumatatu 2 Agosti 2027, baada ya adhuhuri, jua litapatwa lote Makka kwa kiasi cha dakika 5. Saa yake imekwisha julikana. Watakaokuwa Msikiti Mtukufu watasali Kusufi mchana, gizani.