Texas: Historia ndefu ya wazazi kuutafuta mlango wa shule

Mwaka 1960 Plano ulikuwa mji mdogo wa wakulima, wenye wakazi 3,695, kaskazini mwa Dallas katika jimbo la Texas nchini Marekani. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu watu 285,494 katika mji huo. Wengi walivutwa na ajira katika makampuni makubwa yaliyohamia huko, na miongoni mwao wamo Wachina, Wahindi, Wamexico na Waafrika.

Swali linalozikabili shule za mji wa namna hiyo si geni katika Texas. Je, mtoto anapoingia darasani, lugha na desturi za wazazi wake huingia pamoja naye, au hubakia nje ya lango?

Plano yenyewe ina kumbukumbu ya swali hilo. Kwa miongo kadhaa watoto Weusi walisoma katika shule yao ya peke yao, katika mtaa wa Douglass, kwa kuwa sheria za jimbo ziliwatenga na Wazungu. Mahakama ya Juu ya Marekani iliuharamisha utengano huo mwaka 1954, lakini Plano iliuondoa katika miaka ya 1960.

Ulikuwa ushindi, ingawa haukukosa gharama. Katika sehemu nyingi za kusini mwa Marekani, kuunganishwa kwa shule kulimaanisha kufungwa kwa shule ya Weusi, na walimu wengi Weusi wakapoteza kazi. Watoto walipokelewa, lakini wazazi wao walipoteza taasisi waliyozoea kuiita yao.

Kihispania chapigwa marufuku

Kwa familia zenye asili ya Mexico, kizuizi kilikuwa pia cha lugha. Sheria ya Texas ya mwaka 1918 ilimfanya mwalimu aliyefundisha kwa lugha isiyokuwa Kiingereza kuwa mkosaji mbele ya sheria. Watoto waliadhibiwa kwa kuzungumza Kihispania hata uwanjani. Wazee wa Afrika Mashariki waliovishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama wanaielewa vyema aibu hiyo.

Mwaka 1957 Felix Tijerina, mwenye mikahawa mjini Houston na kiongozi wa kitaifa wa jumuiya ya LULAC, alianzisha madarasa ya awali yaliyowafundisha watoto maneno 400 ya Kiingereza kabla ya kuanza shule. Mwalimu wa kwanza, katika mji mdogo wa Ganado, alikuwa Isabel Verver, msichana wa miaka 17. Serikali ya jimbo iliuchukua mpango huo mwaka 1959.

Madarasa hayo yaliwaokoa wengi wasirudie darasa la kwanza. Hata hivyo, yalimtaka mtoto ajibadilishe ili aifae shule, na shule yenyewe ikabaki vilevile.

Mwaka 1970 wazazi wa Houston walikwenda mbali zaidi. Mpango wa kuunganisha shule uliwahesabu Wamexico kuwa Wazungu, kisha ukawachanganya na Weusi, huku shule nyingi za Wazungu zikiachwa kama zilivyokuwa. Maelfu ya wanafunzi walisusia masomo, na jamii ikawafungulia shule za mgomo katika makanisa na kumbi za mitaa.

Sheria ya mwaka 1918 ilikwisha kulegezwa mwaka 1969. Mwaka 1973 Texas ilipitisha sheria iliyozitaka wilaya za shule kufundisha kwa lugha mbili, panapokuwa na watoto wasiopungua 20 wa darasa moja na lugha moja wasiomudu Kiingereza.

Mahakamani alfajiri

Kulikuwa na watoto waliozuiwa hata langoni. Mwaka 1975 Texas iliacha kutoa fedha kwa ajili ya watoto walioingia nchini bila vibali. Katika mji wa Tyler, mashariki mwa Dallas, wilaya ya shule ikaamua kumtoza kila mtoto wa aina hiyo dola 1,000 kwa mwaka.

Familia nne zilishitaki. Mwezi Septemba mwaka 1977 wazazi hao walifika mahakamani alfajiri, wakijua kwamba wangeweza kukamatwa na kurejeshwa Mexico. Jaji William Wayne Justice aliruhusu majina yao yafichwe. Kesi kama hiyo kutoka Houston iliunganishwa na yao, na tarehe 15 Juni mwaka 1982 Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba watoto hao hawawezi kunyimwa shule ya umma.

Mwaka huohuo, upande wa pili wa dunia, wazazi wa Kimaori wa New Zealand walifungua karibu na Wellington shule ya kwanza ya chekechea ya kulea watoto kwa lugha yao. Miaka ya 2000, mtafiti Russell Bishop na wenzake waliwauliza vijana wa Kimaori, wazazi na walimu wao kwa nini vijana wengi hawafanyi vizuri. Walimu wengi walitaja matatizo ya nyumbani. Vijana na wazazi walitaja uhusiano wao na walimu.

Tofauti hiyo ya majibu inafahamika pia Texas. Miaka ya 2010 jimbo hilo lilipokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na Kiswahili kikasikika katika shule za Houston na Fort Worth. Mzazi aliyezoea kuitwa shuleni kwa sababu ya ada au utundu wa mtoto hukaa kimya kwa heshima, akimwachia mwalimu kazi yake. Mwalimu wa Marekani, anayetarajia mzazi aje mwenyewe na maswali yake, huweza kuuona ukimya huo kuwa ni kutojali. Mkutano unapofanyika, mara nyingi mkalimani ni mtoto mwenyewe anayejadiliwa.

Mwaka 2023 serikali ya Texas iliiondoa madarakani bodi ya shule iliyochaguliwa na wakazi wa Houston. Mwaka 2025 jimbo likapitisha sheria inayozuia shule za umma kuendesha shughuli za usawa na ujumuishi wa jamii mbalimbali, na sheria hiyohiyo inatangaza haki za wazazi juu ya elimu ya watoto wao.

Mahakama na mabunge yanaweza kumfungulia mtoto lango, na pia yanaweza kulibana. Lakini tangu Ganado hadi Tyler, aliyemshika mtoto mkono na kumfikisha langoni alikuwa mtu wa jamii yake. Shule za Plano na Houston zitapimwa kwa jinsi zinavyomsikiliza mtu huyo akishaingia ndani.