Mita katika gridi ndogo za sola: jinsi umeme wa kijiji unavyopimwa

Kitonyoni ni soko dogo katika Kaunti ya Makueni lililopata umeme wa jua mnamo 2012 kupitia mradi wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza. Paneli zake, zenye uwezo wa kilowati 13.5, ndizo paa la banda ambalo pia huvuna maji ya mvua. Mtambo wa aina hii, unaohudumia eneo moja bila kutegemea nyaya za taifa, huitwa gridi ndogo.

Gridi ndogo haina pa kukopa umeme. Jua la mchana hujaza betri, nazo betri hubeba mahitaji ya usiku kucha. Nyumba chache zikipitisha kiasi, majirani hukaa gizani. Isitoshe, betri za risasi na asidi huchakaa mapema zikiishiwa chaji mara kwa mara, na kuzibadilisha ni ghali.

Kwa sababu hiyo, mita hupima mambo mawili. La kwanza ni mzigo, yaani wati zinazovutwa kwa wakati mmoja. La pili ni uniti, yaani kilowati zikizidishwa kwa saa za matumizi. Pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme saa nzima humaliza uniti moja, sawa na taa kumi za wati 10 zikiwaka kwa saa kumi.

Katika gridi nyingi, mteja hulipa mapema kwa simu, na salio likiisha mita hukata umeme. Mita za kisasa pia hutuma takwimu kwa mtandao wa simu, hivyo fundi aliye mbali huona ni saa ngapi mzigo hupanda.

Takwimu hizo ni muhimu kwa kuwa makadirio hupotosha. Utafiti uliochapishwa 2017 kuhusu gridi ndogo nane nchini Kenya ulibaini kuwa mteja alitumia wastani wa wati-saa 113 kwa siku, ilhali makadirio yaliyotokana na kuwahoji wateja kabla ya kuunganishwa yalikosea kwa wastani wa wati-saa 426. Mtambo ukijengwa kwa kufuata makadirio hayo huwa mkubwa kupita kiasi, na gharama yake huongeza bei ya kila uniti.

Kwa mwenye nyumba, funzo ni jepesi: asome mita saa ileile kila siku, na kazi nzito kama kupiga pasi aifanye adhuhuri, jua linapowaka.