Seva ya faili na saa ya mfumo

Seva ya faili ni kompyuta inayotunza faili za watu wengi na kuwapatia kupitia mtandao. NFS, itifaki ya kazi hiyo iliyobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984, ni maarufu sana, na hitilafu zake nyingi zinazowatoa mafundi jasho zina chimbuko moja: saa imetwishwa kazi isiyo yake. Saa ya mfumo yafaa kumwambia mtu tarehe. Kuamua faili ipi imebadilika ni kazi nyingine kabisa.

Itazame programu ya Make, iliyoandikwa na Stuart Feldman katika Bell Labs mwaka 1976. Make hujua cha kujenga upya kwa kulinganisha saa za faili tu. Tuseme msimbo uko kwenye seva iliyochelewa dakika 2, na programu iliyojengwa iko kwenye diski ya mtumiaji ikiwa na saa 3:59. Akihariri msimbo saa 4:00 kamili, seva huandika 3:58. Make huona programu ni mpya kuliko msimbo wake, haijengi kitu, na mtu hushinda akisaka kosa ambalo ameshalisahihisha.

Wapo wasemao dawa ni NTP, itifaki ya David Mills ya kulinganisha saa. Hapo kweli inatibu, na Kerberos, itifaki ya kuthibitisha utambulisho ambayo kwa kawaida hukataa tofauti ya saa inayozidi dakika 5, haiendi bila saa zilizolingana. Lakini ugonjwa wenyewe hubaki. Kwa miaka mingi Linux ilizipa faili saa inayosogea kwa hatua za milisekunde 1 hadi 10. Mabadiliko mawili yakiangukia hatua moja hupata saa ileile, na kompyuta inayotumia toleo la 3 la NFS huenda ikaendelea kusoma nakala iliyopitwa. Saa ni moja tu hapo. NTP italinganisha nini?

Ndiyo maana toleo la 4 lilileta namba ya mabadiliko, inayobadilika faili inapobadilishwa. Hupingwa kwamba kuandika namba hiyo kila mara kunachosha diski. Hoja ina uzito, ila Linux imeijibu: huipandisha namba tu ikiwa kuna aliyeisoma tangu ilipopanda mara ya mwisho.

Anayechunguza seva aanze kwa kuunda faili tupu juu yake, kisha aangalie saa ya faili hiyo na ya kompyuta yake. Zikilingana na kosa likabaki, aiache saa, aitafute namba.