Kiatu cha Kuvuliwa Njiani

Anayetoka Kilelengwani, katika delta ya Mto Tana, kwa miguu kuelekea Garsen hukanyaga ardhi zenye tabia zisizopatana. Kuna udongo mweusi wa delta, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza kisigino, na masika hunata mguuni hadi kila hatua ikawa mzigo. Kuna mchanga na vumbi la njia za ng'ombe. Kisha kuna lami ya barabara ya Garsen–Witu–Lamu, iliyotandazwa miaka ya karibuni tu, ambayo adhuhuri huunguza kama kikaango. Kiatu kinachofaa moja kati ya hizo huaibika kwa nyingine.

Viwanda vya viatu vya mbio vimelihangaikia jambo hilo hilo kwa takriban miaka ishirini: vinatafuta kiatu chepesi, chenye soli nyembamba na kisigino kisichoinuliwa, cha kukimbilia porini na barabarani bila kubadilisha. Vyenyewe hupima kwa gramu na milimita. Lakini ukifuata historia ya miguu kando ya Mto Tana utakutana na kipimo kingine, ambacho hakiandikwi kwenye boksi la kiatu: je, kinavulika na kuvalika njiani kwa urahisi gani?

Kuvaa, kwanza, hakukuwa hiari ya kila mtu. Pwani yetu ina majina mengi ya viatu vyepesi. Kuna makubadhi ya ngozi, kuna mitawanda ya mti, na kuna sapatu, neno tulilolipata kwa Wareno. Vilitofautisha watu. Unguja ya karne ya 19 mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu. Mguu mtupu ulitangaza hali yake kabla hajafungua kinywa. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kabla ya hapo, waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia Witu, kwa sultani Ahmed Simba, aliyewapa hifadhi watoro kiasi kwamba neno "watoro" likawa jina la jamii nzima ya watu.

Katika ardhi hii, basi, mbio zilikuwa za kuokoa roho muda mrefu kabla ya kuwa za kushindana. Na hazikuishia karne ile. Wakenya wengi walilisikia jina la Kilelengwani kwa mara ya kwanza tarehe 10 Septemba 2012, kijiji kiliposhambuliwa katika mapigano ya jamii za Wapokomo na Waorma, na watu wasiopungua 38 wakauawa, polisi wakiwemo. Siwezi kuandika juu ya kukimbia katika delta nikaruka siku hiyo.

Kiatu kilichokuja kutawala njia za bara, na hata huku, ni akala. Tanzania huitwa katambuga. Fundi huchukua tairi lililochoka, akakata soli kwa kisu kwa kufuata mguu wa mteja, akapigilia kanda kwa misumari midogo. Si chepesi. Ila ni bapa: kisigino na vidole viko usawa mmoja, na mguu hauna ukuta wa kuubana. Wanaosifu viatu vya kisasa vya soli nyembamba huchanganya wepesi na ubapa kana kwamba ni kitu kimoja. Akala inaonyesha kwamba ni vitu viwili, na kwamba mtembezi wa mbali anaweza kuukubali uzito mradi apate ubapa.

Sababu ya kuukubali uzito huo ni mwiba. Mapema miaka ya 1980 mti wa mathenge ulipandwa katika mradi wa umwagiliaji wa Bura, upande wa juu wa mto, ili kuzuia jangwa na kutoa kuni. Mifugo ilikula maganda yake na kusambaza mbegu, mafuriko yakazibeba, na mti ukaenea kuliko waliouleta walivyokusudia. Mwiba wake ni mrefu na mgumu. Soli ya ndala haiuzuii hata kidogo. Hapo ndipo tairi linapolipa deni la uzito wake. Sijui kama kuna mbunifu wa viatu aliyewahi kuweka mathenge kwenye orodha yake ya majaribio, lakini mchungaji wa Tana hana budi kuuweka.

Upande wa mpunga na maji, mshindi alikuwa mwingine. Sandak ya Bata, kiatu cha plastiki ambacho Wakenya wa umri fulani wanakikumbuka vizuri, haikunywa maji wala kuoza. Kikiingia tope unakisuuza mtoni, unaendelea.

Katika riadha, Kenya ilianza kuonekana ughaibuni bila viatu. Mwaka 1954 Lazaro Chepkwony na Nyandika Maiyoro walikimbia London miguu mitupu, na baadaye mwaka huo Maiyoro akawa wa nne katika maili tatu kwenye michezo ya Vancouver. Miaka sita baadaye Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma akiwa hana kiatu. Picha hiyo imesambaa dunia nzima. Ya Tokyo mwaka 1964 haitajwi sana: Bikila alivaa viatu, akashinda tena, na kwa kasi zaidi, saa 2:12:11. Ninaona ni dhuluma kumfanya shujaa yule mhubiri wa mguu mtupu.

Wataalamu nao hawakukubaliana upesi. Mwaka 2010 Daniel Lieberman na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliowahusisha wakimbiaji wa Kikalenjin, wakaonyesha kwamba waliozoea kukimbia bila viatu aghalabu hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo. Mwaka 2013 ukaja utafiti mwingine, wa Wadaasanach 38 wa kaskazini mwa Kenya, wafugaji waliokua bila viatu. Wengi wao, kwa mwendo wao wa kawaida wa mbio ndefu, walitua kwa kisigino. Walipoongeza kasi ndipo kisigino kilipopungua. Mimi nausikiliza zaidi huu wa pili. Wafugaji wale, wenye jua na mchanga wao, wanafanana na watu wa Tana kuliko wanavyofanana na wakimbiaji wa Kikalenjin wa Iten.

Kampuni ya viatu ya Enda, iliyoanzishwa na Navalayo Osembo na Weldon Kennedy, ilichangisha fedha kwa watu wengi mwaka 2016 na kutoa kiatu chepesi cha barabarani kiitwacho Iten, kilichounganishwa hapa hapa Pwani. Baadaye ikatoa cha njia za porini, Koobi Fora, jina la mahali kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Turkana, nchi ya hao hao Wadaasanach. Nilifurahi kwamba kiatu cha mbio kimetengenezwa karibu na bahari yetu, na jina la kampuni halihitaji kufasiriwa.

Ila kwa kipimo kile cha kuvulika njiani, vyote viwili vina kamba. Masika ikiingia, penye tope watu wa delta huvua, hufunga kamba mbili pamoja, huvitundika viatu shingoni na kushika njia. Wakifika kwenye lami huosha miguu kwa maji ya mtaro, huketi kando ya barabara, na kuanza kufunga upya.